Injini Ilichemka, Nikakusingizia Usingizi

Shija mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga majirani, na ninavyowajua watu wa hapa Rwamgasa, kila nyumba watakuketisha na kukutilia chai mpaka giza liingie. Nimepata nafasi. Nimekaa kizingitini, pikipiki yako iko mbele yangu, umeiosha hadi inang'aa kama ya dukani. Kesho alfajiri utaiwasha uelekee Mwanza kwenye kazi yako ya kusambaza mizigo ya watu, na mimi najijua: nikikutazama usoni sitaweza kusema ninayotaka kuyasema. Ndiyo maana naandika. Mwandiko wangu unaujua, vumilia.

Sitakuandikia habari za kula, kusali, wala watu wa kuwaepuka. Hayo nimekuchosha nayo tangu juma lililopita. Wala sitakufundisha pikipiki. Wewe ndiye unayesikia vali imelegea kabla mimi sijasikia kitu. Nataka kusema habari ya siku moja tu, ile ya foleni ya njia ya Geita. Tulikuwa wote wawili, na tangu siku ile hatujaizungumza hata mara moja. Mimi sikuthubutu. Wewe ulinihurumia, nadhani, na huruma yako ndiyo imenikosesha raha miaka yote hii.

Nianze nyuma kidogo, maana ulikuwa mdogo. Baba yako alipofuata dhahabu Chunya, mwanzoni alikuwa anapiga simu, kisha akawa hapigi, kisha namba ikawa haipatikani. Alichotuachia ni pikipiki. Mjomba wako Masanja akaja kutoka Samuye kuichukua. Aliniambia, "Dada, mwanamke na pikipiki wapi na wapi? Itakushinda barabarani watu watucheke." Nikamwambia haiondoki hapa. Nikajifunzia kwenye uwanja ule wa nyuma ya mashine ya kusaga, nikaanguka mpaka magoti yakaota sugu, lakini nikajua. Nilianza kwa kubeba magunia ya unga, halafu akina mama wanaokwenda kliniki, halafu hata wachimbaji wenyewe wakawa wanapanda.

Vijana wa kijiweni hawakunifanyia ubaya, nisiwasingizie. Lakini walikuwa wanangoja. Nilikuwa naona kwenye macho yao wanaingoja siku itakayonishinda. Basi nikajiwekea sharti: watu wasinione nimesimama kando ya barabara na pikipiki imezimika. Plagi ikifa, naisukuma mpaka nyuma ya kichaka ndiyo nainama kuibadili. Nikitaka kupumzika, napumzika nyumbani. Nilidhani huo ni ujasiri. Leo nauita kwa jina lake, ni woga, ila ulikuwa umevaa nguo nzuri.

Fundi Mahona alinionya mapema. Unakumbuka sauti yake, haongei mpaka amalize kufuta mikono. Aliinama kwenye injini, akachokonoa kwa bisibisi lile tope lililokaukia katikati ya mapezi ya bloki, yale mabamba ya kupitishia upepo, akanionyesha. "Mama Shija, hii haina maji kama gari. Kinachoipoza ni upepo na oili. Ukisimama na umeiacha inanguruma, upepo hakuna. Ukichelewa kubadili oili, na oili nayo hakuna. Sasa itapozwa na nini? Maombi?"

Nikacheka. Nikamwambia nitaileta Jumatatu aisafishe na kumwaga oili ile iliyoungua. Jumatatu ikaja, abiria wakaja, nikasema Jumatatu nyingine.

Katika siku hizo ndipo walimu wako walipokuchagua. Ile shule ya bweni ya masista, kule Geita mjini, ilikuwa inapokea watoto wachache na kuwasomesha yenyewe mpaka wamalize kidato cha nne. Shuleni kwenu waliruhusiwa kumpeleka mmoja kufanya usaili, wakakutaja wewe. Mwalimu wako alikuja mpaka hapa nyumbani kuniambia. Nilipiga kigelegele peke yangu. Usiku ule niliota umevaa sare, unanisomea kitu nisichokielewa, nami naitikia tu.

Sasa nifike kwenye asubuhi yenyewe.

Wewe uliamka kabla yangu. Nilipofungua macho ulikuwa umeshaoga, umeshapiga pasi ya mkaa sketi yako, umekaa kitandani umevaa viatu, mikono juu ya magoti, unangoja kupambazuke. Sijaisahau picha hiyo, Shija. Nitaiona hata nikiwa mzee wa kuongozwa mkono.

Ningekupakia palepale tungefika getini kabla ya mlinzi. Lakini akaja mchimbaji mmoja anabisha hodi, anataka kuwahishwa Katoro, wenzake wanamngoja kwenye gari. Nilikuwa nimeliona tranka la bluu pale sokoni, nikalitamani, nikajua ndilo utakalokwenda nalo bweni, na nauli ya mtu huyo ingenisogeza karibu na bei yake. Nikakwambia, "Nisubiri, narudi sasa hivi." Hukulalamika. Ulisema, "Sawa mama, lakini usikawie."

Nilimkimbiza yule mtu kama kuku anayefukuzwa na mwewe. Niliporudi injini ilikuwa inatoa joto mpaka ukisogea unalihisi usoni. Hapo ningeizima nikanywa hata chai ya rangi, ingepoa. Sikuizima hata kidogo. Nilisimama mlangoni inanguruma, nikasema, "Panda."

Unaikumbuka barabara ilivyokuwa. Baada ya Katoro walikuwa wanaikarabati, magari yanapita upande mmoja kwa zamu, huku anayeshika bendera na kule anayeshika bendera. Mvua zilikuwa bado. Jua la kwetu la kabla ya mvua unalijua, halina adabu, linapiga kutoka juu na linapiga kutoka chini. Malori ya mizigo yamejipanga, mabasi yamejipanga, vumbi limesimama hewani halina pa kwenda. Nikajipenyeza katikati ya malori mawili. Hatua mbili mbele, tunasimama. Hatua tatu, tunasimama. Mguu wangu uko gia namba moja, mkono umeshika klachi nusu, sikuiachia wala sikuibana, na injini haizimwi. Leo nikimwona mtu anafanya hivyo nampigia kelele azime. Klachi inasuguana, upepo haupiti, na mapezi yote yamezibwa na tope langu la Jumatatu zile.

Kulikuwa na kivuli upande wa kushoto, chini ya lile bango kubwa la matangazo. Bodaboda wengi walikuwa wamejitoa pale, wamezima, wamekaa wanangoja foleni isogee. Mzee mmoja mwenye kofia ya pama akanipungia. "Mama! Zima hiyo ivute pumzi! Njoo hapa na mtoto!"

Nilimsikia. Wewe ulidhani sikumsikia, ukanigusa bega ukasema, "Mama, tunaitwa." Nilimsikia vizuri. Lakini walikuwa wanaume kumi na kitu wametutazama, na wawili watatu walikuwa wa kijiwe chetu. Nilijiona tayari nimeinama mbele yao na pikipiki imezimika, nikamsikia mjomba wako akisema si nilikwambia. Nikatazama mbele. Nikasukuma tena hatua mbili.

Ukasema, "Mama, miguu inaniungua."

Nikasema, "Ipanue. Karibu tunafika."

Hatukuwa karibu kufika popote.

Harufu ilianza, ile ya oili inayokaangwa. Nikaisikia nguvu inapotea mkononi, navuta mafuta na haiji. Ikaanza kugonga ndani, ta-ta-ta, kama mtu anayepiga kijiko kwenye sufuria. Halafu ikazimika yenyewe. Na hapo nikafanya upumbavu mkubwa kuliko wote. Nilichukua chupa yako ya maji ya kunywa, maji ya baridi uliyoyachota mtungini asubuhi, nikayamwaga yote juu ya injini. Ilipiga kelele, mvuke ukatufunika. Dereva wa lori nyuma yetu akapiga yowe, "We mama unaiua hiyo!" Nikapiga kiki, ikawaka. Nikamgeukia kama mshindi.

Bendera ikageuzwa, magari yakaondoka, na mimi nikavuta mafuta yote. Tulikwenda kipande kidogo tu. Ikabana ghafla, tairi la nyuma likagoma kuzunguka, tukaburuzika kwenye kokoto mpaka pembeni. Namshukuru Mungu hatukuangukia upande wa malori. Uliinuka kabla yangu, ukajipangusa sketi yako ya pasi, ukaja kuniinua. Ulikuwa darasa la saba tu, unaniinua mimi.

Tuliiacha pikipiki kwa yule kijana wa bendera. Tukatembea, tukapata lori la mchanga, tukafika Geita jua limeshapanda sana.

Haya ndiyo niliyokuja kuyaandika. Mengine yote nimeyaandika ili nijipe muda.

Geti lilikuwa limefungwa. Sista akatoka, mrefu, ana miwani. Nikasema shikamoo Sista, akasema marahaba, mmechelewa sana, wenzake wako ndani wanakaribia kumaliza. "Mmepatwa na nini?"

Angalia jinsi jibu lilivyokuwa jepesi. Pikipiki imekufa njiani. Nimeiua mimi. Maneno mafupi tu. Lakini niliona macho yake yanateremka kwenye sketi yangu iliyochanika, na mikono yangu imejaa oili, na nikaona anachokiona: mwanamke wa bodaboda asiyejua chombo chake. Nikaficha mikono ndani ya kanga. Nikasema, "Ni huyu, Sista. Amechelewa kuamka."

Sista akakugeukia. "Ni kweli, binti?"

Hukumtazama yeye. Ulinitazama mimi. Vumbi limekujaa mpaka kwenye kope, ndani ya mguu wa kulia ngozi imekuwa nyekundu kwa joto la injini. Nilikuwa na nafasi bado. Ulinipa nafasi, ulikaa kimya muda wa kutosha mtu yeyote mwenye moyo kusema hapana Sista, nimekosea. Sikusema. Ukamgeukia ukasema, "Ndiyo Sista. Nililala sana."

Akatikisa kichwa, wala si kwa ubaya. Akasema mtoto asiyeamka siku kama ile, bweni litamshinda. Akafunga mlango mdogo wa geti.

Nimejiuliza mara nyingi kama ukweli ungelifungua geti lile. Huenda usingelifungua, tulikuwa tumechelewa tu. Lakini ungeondoka pale ukiwa msichana ambaye pikipiki ya mama yake iliharibika. Uliondoka ukiwa msichana mlalaji.

Njiani tukirudi uliniuliza kitu kimoja tu. Ulisema, "Mama, injini itapona?" Nikasema sijui. Ukasema, "Fundi Mahona ataijua." Na ukalala kwenye bega langu, kwenye lori la mkaa, kama mtu ambaye hajapoteza chochote.

Mahona alipoifungua alituonyesha bloki imepasuka, kwa sababu chuma kilichokuwa moto kiasi kile hakimwagiwi maji ya baridi. Ukataka kuona pistoni. Siku iliyofuata ukarudi tena kwake, na iliyofuata, na ndiyo ukawa hutoki. Watu wakasema mtoto wa Mama Shija amependa ufundi. Nami nikaitikia, ndiyo, amependa. Lakini nilijua ulikwenda kwanza kuitazama injini ile kama mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa.

Ukaenda sekondari ya kata, ukasoma kwa kadiri ulivyoweza, matokeo ya kidato cha nne yakatoka, ukayatazama kwenye simu ukasema "haya," ukavaa ovaroli. Usinielewe vibaya, Shija. Siionei haya kazi yako. Pikipiki ndiyo iliyotulisha, na wewe unaiendesha vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kinachoniuma ni kwamba hukuichagua kati ya njia mbili. Ile nyingine niliiunguza mimi kwenye foleni, kwa kuogopa kuchekwa na watu waliokaa kivulini.

Na uongo, ukishausema mahali pamoja, unakufuata nyumbani. Nilipoulizwa na mwalimu wako nikasema vilevile, amechelewa kuamka. Nilipoulizwa na mjomba wako nikasema vilevile. Yeye ndiye aliyekubandika lile jina, Malkia wa Usingizi. Kila akija kutoka Samuye, "Malkia ameamka?" Na wewe unacheka, unampokea mzigo. Jumapili iliyopita, kwenye chakula cha kukuaga, akasimama mbele ya watu wote akasema, "Shija, kule Mwanza mteja hangoji. Uamke mapema, usije ukafanya kama ile ya masista!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Na wewe ukacheka. Nilikuwa nagawa wali. Nilikutazama ukicheka, mwiko ukanitoka mkononi, na nikasema umeteleza kwa mafuta. Hata hapo nikadanganya.

Basi leo, ulipotoka tu, nimempigia simu mjomba wako. Nilimwambia yote, kama nilivyokuandikia. Kivuli, mzee wa pama, chupa ya maji, mikono ndani ya kanga. Hakunikatiza, na unajua alivyo, hajawahi kumsikiliza mtu mpaka mwisho.

Akasema, "Kwa hiyo mtoto alikuwa macho."

Nikasema, "Alikuwa macho kabla ya jogoo."

"Na mimi namwita vile mbele za watu. Na anacheka."

"Anacheka."

Akasema neno la Kisukuma ambalo sitaliandika hapa. Halafu akaniuliza, "Kwa nini hukusema, dada? Ningekucheka siku moja tu. Mbili."

Siku moja, mbili. Nimekubebesha wewe miaka hiyo yote ili mimi nisichekwe siku mbili. Amesema atakupigia kesho ukiwa umefika. Sijui atakwambia nini. Mpokee tu.

Sikuombi unisamehe kwenye karatasi. Najua ungenisamehe haraka, kama ulivyosema ndiyo Sista haraka, na sitaki tena wema wa namna hiyo kutoka kwako. Kaa na jambo hili. Ukasirike kama hasira ipo, nami nitaisikia kwenye simu na sitakata. Nilipaswa kukupa nafasi ya kukasirika ukiwa na miaka kumi na mitatu. Na mtu akikuuliza, hata akiwa mgeni, kwa nini hukusoma kule, sema mama yangu alinisingizia. Usinifunike tena. Umenifunika vya kutosha.

Nakuona tayari kwenye zile foleni za Mwanza, milima ile, magari yameshikana, mzigo wa mtu nyuma na simu inakuita mfululizo uko wapi, uko wapi. Jua litakuwa kali. Utalihisi joto kwenye miguu yako kabla ya kitu kingine chochote, wewe na miguu yako mnalijua joto hilo. Usimsikilize anayekupigia. Jitoe pembeni, zima, shuka, acha upepo uipige taratibu. Fungua helmeti, unywe maji yako, uyanywe wewe. Mteja atakuja kufoka, kazi nyingine itapotea, na itauma. Mimi nilikataa kupoteza kipande kidogo cha asubuhi, ndiyo nikaipoteza asubuhi yote na mengi yaliyokuwa nyuma yake.

Kuna wanaume watakaopita wakikuona msichana umesimama kando ya barabara na pikipiki imezimwa. Watasema imemshinda. Wengine watacheka. Waache wacheke mwanangu, hata kwa sauti. Injini ikipoa utaiwasha na kwenda zako, na wao hawatajua hata ulikuwa unakwenda wapi.

Nakusikia unaagana na jirani hapo nje. Naikunja.

Mama yako, Mama Shija